Siku Niliyosema "Upande Wowote"

Wale wamenizoea wanajua kuna jina moja ambalo ukiniita nalo hatuongei tena wiki nzima, na jina lenyewe ni Wowote. Leo nitawaambia lilitoka wapi, na kama ni kucheka chekeni mara moja mmalize, kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kucheka. Nikikumbuka ile siku bado nasikia masikio yakishika moto, na hiyo ni miaka mingi imepita, hata nywele zenyewe zimeanza kunihama. Nilijiaibisha mbele ya ukumbi mzima wa watu pale Nyeri, na kitu kinanichoma zaidi ni kwamba hakuna aliyenisukuma. Nilijisukuma.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, kabla watu hawajaanza kutembea na simu mfukoni. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, fundi wa redio na televisheni Karatina, kibanda changu kikiwa nyuma ya soko upande wa wauza viazi. Si kujisifu (lakini wacheni nijisifu kidogo hapa, kwa sababu mbele huko hakuna sifa), redio ikikataa kwa wengine ilikuwa inaletwa kwangu. Watu walikuwa wanatoka mpaka Kangema wamebeba redio, wakiuliza, "Gichuki fundi ni wapi?"

Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwa Kahiga, rafiki yangu tangu shule ya msingi, na Kahiga alikuwa na chumba cha gemu. Televisheni mbili, mashine mbili, mabenchi, jiko la makaa la kuchemshia chai, pazia mlangoni, basi. Gemu iliyopendwa ilikuwa ya kupigana. Watu wawili wanakaa mbele ya televisheni moja, kila mtu na pedi yake mkononi (kile kidude chenye vibonyezo), mmoja anaanzia upande wa kushoto wa skrini, mwingine upande wa kulia, wanapigana ngumi na mateke na kurushiana moto, na ukiangusha mwenzako mara mbili umeshinda. Nilianza kwa kupitisha muda nikingoja chuma cha kulehemu kipate moto. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na mtu Karatina wa kunikalia mbele.

Sasa sikilizeni hiki kitu vizuri, kwa sababu mkasa wote umekaa hapa. Ukiwa upande wa kushoto, mtu wako anaangalia kulia. Ukitaka arushe moto unabonyeza chini, kulia, ngumi. Ukitaka ajikinge unashikilia kushoto, yaani nyuma. Lakini ukiwa upande wa kulia kila kitu kinageuka, moto unakuwa chini, kushoto, ngumi, na kujikinga unashikilia kulia. Kwa maneno inasikika kitu ndogo. Kwa vidole ni kama kuambiwa uandike jina lako na mkono ule mwingine, haraka, huku mtu anakupiga makofi.

Na mimi sikuwa nakaa upande wa kulia. Hata siku moja. Kule kwa Kahiga kiti cha kushoto kilikuwa karibu na jiko, na cha kulia kilikuwa mlangoni ambapo ule upepo wa mlima unaingia chini ya pazia na kukukata miguu. Mimi ndiye bingwa, nikae kwa baridi kwa nini? Kiti cha jiko kikawa changu, watu wakakiita kiti cha fundi, na nikimkuta mtu amekikalia alikuwa anahama bila kuambiwa. Katikati ya pambano mtu akiniruka akatokea nyuma yangu, mimi pia nilikuwa naruka hapo hapo narudi upande wangu. Mara nyingi hata sikumwachia nafasi ya kuruka. Nilikuwa namsukuma mpaka kona ya kulia na kumweka huko mpaka aanguke.

Kisha tukasikia kuna mashindano. Mwanaume mmoja wa Nyeri anaitwa Mwai, aliyekuwa na duka la kaseti na mdomo mkubwa kuliko duka, alibandika karatasi mpaka kwetu sokoni: mashindano ya kwanza ya gemu ya kupigana, jukwaani, mbele ya watu, ukumbini Nyeri, Jumamosi fulani ya mwezi wa saba, mshindi anaenda na televisheni na mashine mpya na pedi mbili. Watu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Timau, kote, waje.

Mimi nilisoma ile karatasi mara tatu. Televisheni na mashine! Hicho ni chumba cha gemu kizima, mimi fundi, sitawahi kumlipa mtu kurekebisha kitu. Nilikuwa tayari naona mlango wenyewe na rangi nitakayopaka.

Nilijiandaa wiki sita. Ninyi mnasema mlijiandaa kwa mtihani, hamjui kujiandaa. Nilikuwa na daftari, kila mchezaji wa ile gemu nimemwandikia ukurasa, anapiga nini, anaogopa nini. Saa ya chakula nilikuwa kwa Kahiga. Nikifunga kibanda jioni nilikuwa kwa Kahiga. Kidole gumba cha kushoto kilitoka malengelenge, yakapasuka, yakakauka, nikaendelea. Nilikuwa navaa glavu asubuhi ili vidole visikauke kwa baridi, wateja wananiuliza kama naumwa. Nilishonewa hata shati, jeupe, mgongoni limeandikwa BINGWA KARATINA kwa rangi nyekundu. (Shati hilo nitawaambia lilivyoishia.)

Wiki ya mwisho Kahiga akaniambia, "Gichuki, hebu hii wiki kaa upande wa mlango."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Nyeri hawatakubebea kiti cha jiko."

"Mimi nitapigana na mtu," nikamwambia, "sitapigana na kiti."

Watu wakacheka, nikafurahi. Akarudia siku ya pili, nikamjibu vibaya. Siku ya tatu alinimiminia chai tu kwa kikombe na kuangalia kando. Wakati huo niliona nimemshinda.

Siku yenyewe ikafika na baridi ya kumkasirisha hata ng'ombe, ukungu umeshuka mpaka kwa mabati, na sisi watu wa Karatina tukaenda kama kumi na watano hivi kwa pikapu ya muuza viazi mmoja, tukipiga debe na kuimba jina langu. Ukumbi ulikuwa umejaa, wengine wamesimama madirishani. Jukwaa lilikuwa la mbao kuukuu, juu yake meza, televisheni kubwa, viti viwili, na Mwai mwenyewe na maiki, amevaa jaketi ya ngozi, anaongea. Yule mtu alikuwa anaongea! Alikuwa anatangaza mpaka vitu ambavyo kila mtu anaviona. "Sasa mchezaji anakaa. Sasa mchezaji anapangusa mikono." Nilimchukia kabla hajanifanyia kitu.

Kabla ya kila pambano Mwai alikuwa anarusha shilingi, na anayeshinda anachagua upande. Pambano la kwanza nikashinda shilingi, nikachagua kushoto, nikamchapa kijana wa Nyeri mara mbili bila yeye kunipunguzia nguvu hata nusu. La pili nikashindwa shilingi, lakini yule mtu wa Nanyuki akapenda kulia mwenyewe, nikaenda kushoto, nikamchapa naye. Watu wetu wakapiga debe mpaka likapasuka. Mwai akatangaza, "Huyu Fundi Gichuki wa Karatina ni moto!" Hapo nikampenda kidogo.

Sasa ni nusu fainali. Jina likaitwa: Makena, kutoka Timau.

Akapanda jukwaani msichana, labda miaka ishirini na mbili, mfupi, sweta ya kijani, na miguuni gambuti za mpira za shambani, jamani, gambuti! Mwai akamuuliza kwa maiki anafanya kazi gani, akasema yuko shamba la maua, anakata maua na kuyapanga, na ametoka kazini moja kwa moja. Ukumbi ukacheka kidogo. Mimi nilicheka sana, na nilicheka kwa kusudi ili watu waone ninacheka. Sikuwa nimemtazama akicheza kwa sababu wakati wa mapambano yake nilikuwa nje nikisifiwa.

Mwai akarusha shilingi. Makena akashinda.

Mnajua alifanya nini? Hakukimbilia kiti. Alinigeukia, akaniuliza kwa heshima kabisa, sauti ya chini, "Fundi, wewe hupenda upande gani? Kwangu ni sawa."

Neno moja. Ningesema "kushoto". Hata sikuhitaji kulisema, ningeonyesha na kidole tu. Lakini watu wetu walikuwa wanasikiliza, na Mwai alikuwa amenyoosha maiki katikati yetu, na mimi nikaona ati nitapewa kiti kwa huruma na msichana wa gambuti. Nikavuta pumzi, nikaongea kwa ile maiki:

"Chukua unayotaka. Mimi upande wowote."

Watu wakashangilia. Nikamwona Kahiga kwa benchi la mbele amejishika kichwa.

Makena akasema, "Haya, asante," akakaa kushoto.

Raundi ikaanza na mimi nikarusha moto. Haukutoka. Mtu wangu aliinama akapiga ngumi ndogo hewani, kama mtu anafukuza nzi. Nikarudia, chini, kulia, ngumi, haraka zaidi. Hewani tena. Makena akanirushia wake, nikataka kujikinga, nikashikilia kushoto kama kawaida, na mtu wangu, badala ya kujikinga, akatembea mbele polepole mpaka akaingia kwa ule moto na uso. Ukumbi ukasema "Uuuui!" Wa pili ukaja, nikashikilia kushoto kwa nguvu zaidi, nikatembea tena nikaupokea. Nilikuwa najua! Kichwa kilikuwa kinajua kabisa kwamba mambo yamegeuka, lakini kidole gumba hakikuwa kinasikiza kichwa, kidole kilikuwa kimefundishwa wiki sita kando ya jiko. Nikaamua kumruka nirudi upande wangu. Nikaruka, akanipiga nikiwa hewani, nikaanguka pale pale kulia. Nikaruka tena, akanipiga tena. Mara ya tatu alikuwa ananingoja, na mtu wa nyuma akapiga kelele, "Mwambieni huyo hakuna ngazi!"

Raundi ya kwanza ikaisha. Sikuwa nimemgusa.

Hasira ilinipanda kutoka kwa magoti. Sikuona watu tena, niliona skrini na ile pedi, na nikaambia moyo wangu haiwezekani, mimi nimetoka kuchapa watu wawili, kuna kitu. Nikasimama.

"Hii pedi ni mbovu!"

Mwai, bila kupoteza hata sekunde, kwa maiki: "Fundi anasema pedi ni mbovu."

"Ni mbovu! Vibonyezo havishiki. Hii pambano haihesabiki."

"Lakini fundi, hiyo pedi ndiyo ilitumika na mwenye alitangulia kukaa hapo, na alishinda."

"Basi iliharibika!" Kisha nikamgeukia Makena, na hapa ndipo ningetaka mtu angenifunga mdomo. "Wewe umepita hapa ukaifanyia nini? Mbona ulikuwa unaniuliza nataka upande gani? Ulikuwa unanipeleka kwa mbovu!"

"Nilikuuliza ukachagua, fundi," akasema. "Wewe ndiye ulisema wowote."

Ukumbi ukacheka, na mimi nikaona njia moja tu ya kutoka pale na heshima yangu. Mimi ni fundi. Nilikuwa na bisibisi mfukoni (nilikuwa natembea nayo kama wengine wanavyotembea na kitana). Nikasema, "Nitaifungua hapa hapa, kila mtu aone."

Kahiga akasimama, akaniita kwa jina langu lote la ubatizo, "Joseph Gichuki, kaa chini." Sikumsikia. Ama nilimsikia.

Nikageuza ile pedi, nikatoa skrubu moja moja, na Mwai yuko juu ya bega langu anatangaza: "Fundi ametoa skrubu ya kwanza. Fundi ametoa ya pili. Ya tatu inakataa. Ya tatu imekubali." Nikafungua. Nikachungulia. Mabibi na mabwana, ile pedi ilikuwa safi kuliko sahani za kwetu. Waya zimeshika, raba ziko sawa, hakuna hata vumbi. Nilikuwa nimefungua pedi labda mia moja kwa Kahiga na sikuwa nimewahi kuona nzima kama hiyo.

Ningesema hapo, "Samahani, ni nzima." Sikusema. Niliinyanyua juu ya uso nikijifanya natafuta kosa ndani kabisa, na sikukumbuka kwamba vibonyezo havishikwi na kitu pedi ikiwa wazi. Vikamwagika vyote. Vikaruka mezani, vikaruka jukwaani, na kimoja, kile cha ngumi, nikakiona kwa macho yangu kikibiringika polepole mpaka kwa mwanya wa mbao, kikasimama kidogo kama kinafikiria, kikaingia.

Halafu Mwai akasema, "Kimeingia."

Pedi ya akiba haikuwa. Mashindano yote yakasimama. Watu walikuwa wamekuja kutoka mbali, baridi inawala, na wote wanangojea kibonyezo. Kulikuwa na kimlango kidogo kando ya jukwaa, nikainama nikaingia chini kwa magoti na tochi ya mlinzi, na shati langu jeupe. Huko kulikuwa na viti vilivyovunjika, mifuko ya simiti iliyolowa, utando wa buibui, na harufu ya kitu kilichokufa kitambo. Na juu ya kichwa changu nilikuwa nasikia ile sauti: "Fundi sasa yuko chini ya jukwaa. Fundi, uko wapi? Gonga tujue." Na watu wanacheka, na mimi niko kwa tope nasaga meno. Nawaambia ukweli, kama Mwai angekuwa chini pale na mimi, ningekuwa nimetoka jela juzi.

Nilikaa huko karibu nusu saa. Nilipotoka na kile kibonyezo mkononi, nywele zimejaa buibui, shati limekuwa la kahawia, na mgongoni rangi imefutika kwa kujikwaruza na mbao ikabaki BI ... KARATI, watu walisimama wakanishangilia kama mtu aliyeokolewa kwa kisima. Nikarudisha kila kitu, nikafunga. Skrubu moja ikabaki mezani. Nikaiweka mfukoni nikidhani hakuna aliyeona. "Fundi amebakisha skrubu," akasema Mwai.

Kisha akampa Makena ile pedi aijaribu. Makena akahama kiti, akakaa upande wa kulia, upande wangu, akafanya chini, kushoto, ngumi. Moto ukatoka. Akarudia, ukatoka. Akarusha mara tano mfululizo, akaiweka mezani polepole.

"Iko sawa," akasema. Hakusema kwa dharau. Ningependa angesema kwa dharau.

Na mimi, nikiwa nimesimama na buibui kichwani, mbele ya watu wangu, nikafungua mdomo nikasema kitu nilichokuja kukijutia zaidi ya yote. Nikasema kwa sauti, "Rudi ukakate maua! Mtu wa gambuti anajua nini kuhusu mashine?"

Hapo hakuna mtu aliyecheka. Wanawake waliokuwa nyuma walianza kwanza, sauti ya chini, halafu ukumbi mzima ukanizomea, na watu wangu wa Karatina nao wakazomea, nikawaona. Makena alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia gambuti zake. Halafu akakaa, akachukua pedi yake ya kushoto, akaniambia, "Tumalize."

Raundi ya pili sikumbuki vizuri. Ilikuwa fupi.

Baadaye nilisikia alishinda na fainali, televisheni ikaenda Timau. Mimi sikuiona, nilikuwa nje nyuma ya ukumbi nakwaruza buibui. Pikapu ikaondoka bila mimi. Kahiga alikuja akanipata pale, akasimama.

"Nilikuambia," akasema.

"Ungeniambia kwa nguvu!" nikamjibu. Ona huo ujinga. Nikamlaumu ati alinishauri kwa upole. Akaniangalia, akaenda zake, na tulikaa mwezi mzima bila salamu, milango yetu ikiwa hatua nne.

Karatina habari zilifika kabla yangu. Jumatatu nilipofungua kibanda, watoto wa shule walipita wakiimba "wowote, wowote". Mtu alikuja kuchukua pasi yake ya umeme ambayo sikuwa nimeigusa, akasema atampelekea fundi mwingine. Nikampa. Nilikuwa nimevimba kwa hasira, na kila mtu nilikuwa namwona ndiye mwenye makosa: Mwai na maiki yake, Kahiga, aliyejenga jukwaa na mianya, mpaka baridi.

Halafu akaja mama mmoja muuza viazi, Mama Nyokabi, kuchukua redio yake. Hakunitania. Alisubiri nikaijaribu, ikaimba, akaifunga kwa leso. Kisha akasema, "Gichuki, yule msichana uliomba yeye msamaha?"

"Mama, hayo yaliisha."

"Kwako ndiyo yaliisha," akasema. "Hata Nyokabi wangu anakata maua. Anaamka saa kumi alfajiri, anashinda amesimama kwa maji, vidole zimejaa miiba. Hii redio ni yeye alininunulia. Ndiyo nakuuliza, kwa sababu niliposikia niliona ni kama Nyokabi wangu ndiye umeambia vile."

Akaenda. Mimi nilibaki na bisibisi mkononi na hakuna redio mbele yangu. Ndiyo mara ya kwanza ile hasira ilikosa mahali pa kwenda.

Jumamosi iliyofuata nilienda Timau. Sikuambia mtu. Nilifika nikauliza shamba la maua lenye Makena anafanya kazi, nikasimama kwa lango, na saa kumi jioni wafanyakazi wakaanza kutoka, wanawake wengi, wote na gambuti, na mimi peke yangu na viatu vilivyopakwa rangi. Akaniona. Akanijua mara moja.

"Huyu si ndiye wa bisibisi?" mwenzake akauliza kwa sauti, wakasimama wote.

Nikamuuliza Makena kama tunaweza kusogea kando kidogo tuongee.

"Kando kwa nini?" akasema. Alikuwa amekasirika, sasa niliona, alikuwa amekasirika hiyo wiki yote kama mimi, isipokuwa yeye alikuwa na sababu. "Ulinitusi mbele ya watu. Kama umekuja kwa mambo ingine, sema kando. Kama umekuja kuomba msamaha, watu ndio hawa."

Jamani. Nilikuwa nimepanga maneno njia yote na yote yakatoroka. Nikasema mbele ya wale wanawake kwamba pedi ilikuwa nzima, kwamba mimi sijui kucheza upande wa kulia na sikutaka ijulikane, kwamba nilimsingizia na nikamtusi kazi yake, na kwamba naomba msamaha. Mmoja nyuma akasema, "Hatujasikia!" Nikarudia kwa nguvu. Wakacheka, wacha wacheke. Makena hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Na si nilikuuliza?" akasema. "Sisi tunachezea kwa kantini ya shamba, na ukishindwa unahamishwa kiti, kwa hivyo mimi pande zote nimezoea. Ungeniambia kushoto ningekuachia. Ningekuwa nimesahau hata kabla tuanze."

"Najua."

"Haya. Nimekusikia." Akachukua mkoba wake, akaenda na wenzake, na hapo kwa barabara nilisikia wakianza kucheka upya, na sasa hata yeye.

Na Kahiga tulipatana, nilienda nikakaa kwa kiti cha mlango bila kuambiwa, akanimiminia chai. Mwai sijamsamehe na sina haraka. Lakini tangu siku ile niliapa, na hiki kiapo nimekishika kuliko vingine: mtu akiniuliza nataka nini, namwambia. Niulize kama nataka chai ya maziwa au ya rangi, niulize kama nataka kukaa mbele au nyuma, niulize chochote, hata nikiona aibu, hata maiki ikiwa hapo. Lile neno lingine halitanitoka tena mdomoni mpaka nizikwe.